Wembe na Kamanda Wake

Soko kuu lilikuwa limefurika siku hiyo hata mtu akitaka kujikuna ilibidi amwombe radhi jirani yake. Wembe alikuwa ametoka kununua poda na spiriti za dukani kwake, amevaa shati la bluu lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe, anapenya katikati ya watu huku akijilaumu kwa kuchelewa kufungua. Jina lake la ubatizo lilikuwa limeshasahauliwa na wote isipokuwa mama yake. Mtaa mzima ulimwita Wembe, kwa sababu ya kazi yake ya kinyozi na kwa sababu ya mdomo wake, na hakuna aliyejua kipi kilikuwa kikali zaidi.

Ghafla mkokoteni ukagonga jiwe, ukaegemea upande mmoja, ukaangukia kapu la bibi mmoja muuza machungwa. Yeye mwenyewe aliponea chupuchupu, lakini machungwa yake yalitawanyika njia nzima. Watu hawakusimama. Walikanyaga, wakateleza, wakasonya, wakaendelea. Wengine waliinama wakaokota, na walipoinuka mifuko yao ilikuwa imevimba.

"Simameni!"

Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti iliyonyooka, nzito kidogo, isiyo na hasira wala woga, na ilipita juu ya vichwa vya watu kama kengele. Njia yote ikatulia. Hata mwenye redio akapunguza. Wembe alijikuta amesimama mguu mmoja juu, kama jogoo.

Juu ya kreti ya soda alikuwa amesimama msichana mwenye gauni la manjano lililomkaa vizuri kiunoni, kitambaa cheupe kichwani, na raba miguuni.

"Ahsanteni," alisema, sasa kwa upole. "Kila mtu atazame chini ya miguu yake, aokote lililo karibu naye, ampe bibi. Wewe kaka wa shati la bluu, ndiyo wewe, huo mguu ushushe taratibu. Kuna chungwa."

Wembe alishusha mguu taratibu. Hakukumbuka mara ya mwisho kumtii mtu haraka namna ile. Machungwa yalirudi kwenye kapu, hata yale yaliyokuwa yameshaingia mifukoni, na bibi akabaki anashukuru huku na huku. Watu walipoanza kusogea, Wembe akamfuata yule msichana aliyekuwa akishuka kutoka kwenye kreti.

"Tumeruhusiwa kutembea, kamanda, au bado tuko gwarideni?"

Msichana alimtazama kuanzia kola mpaka viatu. "Wenzako wameruhusiwa. Wewe bado nakutilia shaka. Hujaficha chungwa?"

"Nipekue."

"Mikono yangu ina heshima zake."

"Basi nitakuja ofisini kwako nijieleze. Ofisi iko wapi?"

"Natoa dawa, dirisha la kwanza ukiingia lile duka la dawa mkabala na benki. Lakini pale hatupokei watu wazima wasioumwa."

"Mbona naumwa? Kichwa kinanigonga."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia nishushe mguu."

Alitaka kujizuia asicheke, akashindwa. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kama sauti yake, hakikuwa na aibu. Na tangu siku hiyo, kwa Wembe, jina lake likawa Kamanda.

Simu zilianza wiki hiyohiyo.

"Halo, duka la dawa?"

"Hii ni simu yangu, si ya duka. Na Wembe, hii ni mara ya tatu leo."

"Si ndivyo mnavyoandika kwenye pakiti? Kutwa mara tatu, baada ya chakula."

"Na umekula?"

"Sijala. Nilizidiwa."

"Nenda ukale, mgonjwa wangu. Halafu upige mara ya nne."

Mapenzi yakakolea. Jioni Wembe alikuwa akifunga duka mapema, analipulizia shati lake marashi, anakwenda kukaa kwenye benchi la duka la dawa kumsubiri atoke. Walipokuwa wakitembea alihakikisha wanapita barabara yenye maduka mengi, ili watu wamwone anavyotembea naye. Na kwa kweli waliona. Kamanda alikuwa akivaa akavalika: leo gauni la kijani lenye mikono mifupi, kesho sketi nyeusi na blauzi ya hariri, na hereni ndogo zilizocheza kila alipogeuza shingo kumsikiliza mtu.

Kusikiliza ndiko kulikomchelewesha. Watu walikuja dirishani kwake kuchukua dawa ya kikohozi, wakaondoka wameacha habari ya nyumba nzima. Wembe, pale kwenye benchi, alishuhudia mama mtu mzima akilia kwenye lile dirisha dogo, foleni ikinung'unika nyuma yake, na Kamanda amemshika mkono kupitia kwenye tundu la kupitishia dawa kana kwamba hana haraka yoyote duniani.

"Mpenzi," alimwambia jioni hiyo, "kwani wewe unatoa dawa au unapokea mizigo?"

Kamanda hakucheka. Akasema, "Hata mimi ndilo ninalojiuliza siku hizi."

Wembe hakulichukulia uzito. Alikuwa na mambo yake kichwani, tena matamu. Alishampeleka Kamanda kwa mama yake, fundi wa kushona majoho ya wanakwaya na wachungaji, mama ambaye hakuwa akimsifu mtu kirahisi. Kamanda alipoamkia, akaketi, akaanza bila kuambiwa kumsaidia kutoa nyuzi kwenye joho lililofumuliwa, mama alimtazama mwanawe juu ya miwani yake kama mtu anayesema: huyu ukimwachia, usirudi nyumbani. Wembe akawa anahesabu tu siku njema ya kumwuliza lile swali.

Ndipo Kamanda akaanza kubadilika. Simu yake ikiita alikuwa anainuka anakwenda kuongelea nje. Jumatano jioni akawa hapatikani. Akiulizwa, "Nilikuwa na shughuli." Akibanwa, anabadilisha mazungumzo.

Siku moja Kipara, kinyozi mwenzake Wembe, mtu asiye na unywele hata mmoja na asiye na siri hata moja, alikung'uta shuka la kunyolea akaanza:

"Kaka, mimi sisemi kitu."

"Ukianza hivyo najua utasema."

"Nimemwona shemeji anashuka kwenye gari jeupe. Yuko na mzee mmoja, kichwa kizima mvi, kanyolewa vizuri, tena si hapa kwetu. Wanacheka mpaka mzee anavua miwani kujifuta macho."

Moyo wa Wembe ukafanya paa. Alimaliza kumnyoa mteja aliyekuwa kitini, akampaka poda nyingi kuliko kawaida, akatoka nje na simu.

"Jumatano ulikuwa wapi?"

"Nilikwambia, nilikuwa na shughuli."

"Shughuli yenyewe ina mvi?"

"Umekuwa ukinichunguza, Wembe?"

"Nimeambiwa. Niambie mwenyewe basi. Kuna mwingine anayekutaka?"

Kamanda alivuta pumzi mpaka Wembe akaisikia. "Yuko. Na alianza kunitaka kabla yako."

Wembe alihisi kama aliyemwagiwa ndoo ya maji. "Unaniambia hivihivi? Kwenye simu?"

"Njoo Jumapili," Kamanda alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka. "Kanisa la kule ng'ambo ya reli, ibada ya kwanza. Utaelewa. Naomba uje."

Wembe alikuwa Mkristo wa benchi la nyuma, yule anayekaa karibu na mlango na kuinuka wimbo wa mwisho unapoanza ili asibanwe na watu. Lakini Jumapili hiyo alivaa suti yake ya kijivu, akakaza tai mpaka koo likalalamika, akaenda kanisani kama mtu anayekwenda mahakamani. Alimtambua yule mzee mara moja: mvi kichwa kizima, nywele zimepangwa vizuri. Alikuwa amevaa joho jeupe na kola ya kichungaji. Alikuwa mchungaji wa kanisa lile.

Wembe hajamaliza kushangaa, mchungaji akasema, "Leo nawapumzisha masikio yenu na sauti yangu. Atahubiri binti yetu." Na Kamanda, amevaa suti ya bluu ya kiza na blauzi nyeupe, akapanda mimbarini.

Hakuwa na karatasi. Alishika kingo za mimbari, akawatazama watu, na kanisa likatulia kama soko lilivyotulia siku ile.

"Kuna mama mmoja alikuja dirishani kwangu kutaka dawa ya usingizi," alianza. "Nikamwuliza, mama, usingizi umeupotezea wapi? Akalia. Nilitazama makabati yote nyuma yangu. Yamejaa dawa. Sikuwa na kidonge cha kile alicholilia. Nikamshika mkono tu. Na nilipokuwa nimemshika, nikajua jambo ambalo nilikuwa nimelisikia tangu utotoni bila kulijua: kwamba Mungu anampenda yule mama, kweli kweli, na kwa saa ile hakuwa na mkono mwingine pale karibu isipokuwa wangu."

Mzee aliyeketi mbele ya Wembe akatoa leso. Kamanda aliendelea, bila kupandisha sauti, bila kupiga mimbari, akieleza jinsi alivyoukimbia wito ule, alivyojiambia kwamba ni huruma tu ya kike itakayopita, na jinsi ulivyokuwa ukimngoja kila asubuhi alipofungua dirisha. Wembe alihisi kitu kinampanda kifuani, kitu kama fahari, kikubwa hata macho yakamwasha. Huyu ni wangu, alitaka kumwambia yule mzee wa leso. Kisha hofu ikaja ikakalia fahari ile, na kabla ya wimbo wa mwisho alikuwa ameshafika getini.

Kamanda alimkimbilia, viatu virefu vikimsumbua kwenye kokoto.

"Wembe! Subiri basi."

"Kumbe huyo mwingine ni Mungu. Aliyeanza kabla yangu."

"Nilisema vibaya kwenye simu, nisamehe. Nilikasirika."

"Mambo haya ni tangu lini?"

"Mchungaji amekuwa akinifundisha miezi yote hii, kila Jumatano. Sikutaka kukurupuka, nilitaka kujua kama ni Mungu au ni mimi. Sasa najua. Chuo cha uchungaji kimenipokea. Naondoka mwezi ujao, miaka mitatu."

"Miaka mitatu." Wembe alilegeza tai. "Na hukuniambia hata neno."

"Niliogopa."

"Unaogopa nini wewe? Unasimamisha soko zima!"

"Nilikuogopa wewe," Kamanda alisema. "Nakupenda, ndiyo maana nikaogopa. Sasa umesikia. Unasemaje?"

Maneno mazuri yalikuwapo. Wembe baadaye aliyapata yote, mchana na usiku, moja baada ya jingine. Lakini pale getini kilichomtoka mdomoni kilikuwa hiki:

"Na mimi nitaitwaje?"

"Nini?"

"Mke wa mchungaji ni mama mchungaji. Mume wa mchungaji ni nani? Baba mchungaji ni mchungaji mwenyewe. Mimi nitakuwa nani? Watu watanicheka mpaka mashine za kunyolea zizime."

Kamanda alicheka, akidhani ni utani wake wa kila siku. Kisha akaona uso wake, kicheko kikafa.

"Hilo ndilo unaloniuliza?"

"Ndilo watakaloliuliza wote."

"Sikuwauliza wote. Nimekuuliza wewe."

Wembe alitazama viatu vyake. Alipoinua macho, Kamanda alikuwa anarudi kanisani, mgongo umenyooka, na hakugeuka.

Kamanda aliondoka bila kuagana naye. Wembe alijifanya hajali. Alinyoa, alichonga, aliwachekesha wateja, lakini mdomo wake ulikuwa umeingia kutu. Dukani habari zilishafika. "Wembe, tubariki kabla hujatunyoa," walisema wengine, wakaangua kicheko. Naye alicheka pamoja nao, na kila alipocheka alijiona amemsaliti Kamanda.

Mama yake alimvumilia kwa muda, kisha akasimamisha cherehani.

"Mwanangu, wewe unawanyoa wanaume nywele siku nzima, wao wanakunyoa akili."

"Mama, hujui wanavyosema."

"Nisijue? Baba yako, Mungu amrehemu, kazi zilipokuwa zikinijaa alikuwa anakaa pale sakafuni ananishonea vifungo. Mwanamume mzima, fundi mwashi, na sindano mkononi. Rafiki zake walimcheka wakachoka. Unajua alikuwa anawajibu nini? Alikuwa anawaonyesha vifungo. 'Tazameni vilivyonyooka.'" Mama alivuta kitambaa, akaanza tena kushona. "Mimi nilikuwa najiona malkia. Wewe umemfanya yule binti ajione nani?"

Wembe aliinuka, akatoka, akazunguka mtaa mzima bila kujua anakokwenda.

Haikupita muda mrefu simu yake ikaita. Ilikuwa sauti ya kizee, changamfu.

"Ni kinyozi Wembe? Mimi ni yule mzee wa gari jeupe."

Wembe alisimama kana kwamba mtu ameingia chumbani. "Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Nina shida ya ndevu, si zangu. Hospitali ya hapa kwetu kuna wodi ya wanaume waliopooza. Hakuna anayewanyoa. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniambia kuna kinyozi mwenye mkono mwepesi kuliko wote mjini. Sitaki kumtaja, ila anapenda kuamrisha watu. Unaweza kuja?"

Jumatatu Wembe hakuwa akifungua duka. Alikwenda, na moyoni alijua anakwenda kutafuta habari za Kamanda tu. Lakini wodini alikuta mambo mengine. Kwenye kitanda cha kwanza alilala mzee aliyekuwa dereva wa treni, kiharusi kimemchukua upande wa kulia. Ndevu zilikuwa zimemfunika mpaka chini ya macho, zimeshikana kwa uji. Alipomwona Wembe na mkoba wake aligeuzia uso ukutani.

"Mzee, mimi sikunyoi kama hutaki," Wembe alisema. "Lakini maji yameshapata moto, yatapotea bure."

Mzee akaurudisha uso taratibu, akafumba macho. Wembe akamtandikia taulo kifuani, akazilainisha zile ndevu kwa kitambaa cha moto, taratibu, akazipunguza kwa mkasi, akazipaka povu kwa brashi. Shavu lililolegea alilivuta kwa kidole gumba ili wembe usimkwaruze. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alinyoa bila kusema neno, na ukimya ule haukumwelemea. Alikuwa anamaliza shingo pale mlango ulipofunguliwa, akaingia mwanamke na kikapu cha chakula. Alitazama kitandani, kikapu kikatua sakafuni.

"Baba! Jamani, baba yangu huyu!"

Mzee wa treni alijipapasa kidevu kwa mkono wake mzima, akajipapasa tena, na machozi yakamtiririka yakipita njia ambayo kwa siku nyingi haikuwa na nafasi.

Wembe alikwenda kwenye sinki kuosha brashi. Aliiosha ikatakata, akaendelea kuiosha. Mchungaji alikuja akasimama kando yake.

"Vipi, mwanangu?"

"Nilidhani Mungu huwaita wanaojua kusema tu, mchungaji."

"Kwani wewe hujui kusema? Sifa zako nimezisikia."

"Mimi najua kuchonga. Kusema sijui."

Mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Basi Mungu ameamua kuutumia mkono, mdomo aupumzishe. Wito si lazima uje na joho. Ukiona mahali ambapo furaha yako na shida ya mtu vinakutana, jua hapo umeitwa. Vitanda bado vingi, twende."

Kuanzia siku hiyo kila Jumatatu ikawa ya wodini. Wembe alijua nani anapenda sharubu zibaki na nani ana kipele shingoni. Alianza kuomba, yeye wa benchi la nyuma, maombi mafupi ya kinyozi: Bwana, mkono wangu usitetemeke. Na alipokuwa akitembea kurudi nyumbani na mkoba wake begani alijisikia mrefu, wala hakutamani kuonwa na mtu. Ndipo alipomwelewa Kamanda. Naye alikuwa ameitwa, kwa njia yake, na alijua sasa kwamba mtu aliyeitwa humnyimi ruhusa, unamfungulia njia.

Siku moja dukani, watu wamejaa, mfanyabiashara mmoja wa nguo aliyezoea kusikika aliweka mguu juu ya mguu akasema, "Wembe, hivi yule mchumba wako wa zamani akija kupanda madhabahuni, wewe ungekaa wapi? Jikoni na akina mama?"

Vicheko vikaanza. Wembe alizima mashine. Duka zima likasikia ilivyozimika.

"Ningekaa mbele kabisa," alisema. "Mahali ambapo ningemwona vizuri. Yule binti anasema neno moja watu mia wanasimama. Wewe unaongea hapa tangu asubuhi na hata Kipara hakusikilizi. Nilikuwa mjinga, nikamwachia aondoke kwa kuogopa vinywa kama chako. Sasa kaa vizuri, zamu yako imefika, na nina wembe mkononi."

Mfanyabiashara akakaa vizuri. Mtu mmoja kule kwenye benchi akapiga makofi, wengine wakafuata.

Na Kipara, ambaye uharibifu aliuleta kwa mdomo, akaona autengeneze kwa mdomo huohuo. Jioni ileile alikuwa nyuma ya duka, simu sikioni: "Shemeji, mimi sisemi kitu, lakini…"

Jumatatu ya likizo ya chuo, Wembe alikuwa ameinama juu ya mzee wa treni, ambaye sasa aliweza kuongea, tena kwa kejeli.

"Kinyozi, shingo yangu haitakimbia. Tazama mlangoni, nani kaingia?"

Wembe aliinua macho. Kamanda alikuwa mlangoni, amevaa sketi ya kijivu na sweta jeupe, amekonda kidogo, nywele zimekatwa fupi, na uzuri wake ulikuwa umeongezeka kwa namna ambayo Wembe hakuweza kuieleza.

"Endelea," Kamanda alisema. "Nitasubiri."

"Aendelee vipi?" mzee akalalamika. "Hii ni shingo yangu! Nenda ukaongee naye kwanza, nitakaa na povu langu."

Wodi nzima ikacheka. Wakatoka wakasimama kwenye varanda, karibu na kamba za mashuka.

"Umejifunza kukaa kimya," Kamanda alisema. "Nilikuwa pale mlangoni kitambo."

"Nimekukosea. Ulinifungulia moyo wako mimi nikauliza jina langu."

"Na mimi nilikukosea. Nilisema moyoni, huyu hataweza, nikakuamulia bila kukuuliza. Ungenifanyia hivyo ningewaka."

"Kwa hiyo wote wawili ni wajinga?"

"Wewe zaidi," alisema, na macho yake yakaanza kucheza. "Kuna kitu ulisema dukani. Nimekisikia kwa watu. Nataka nikisikie mwenyewe."

"Kipara! Huyu mtu mimi nitamnyoa nyusi."

"Sema, Wembe."

Wembe alifuta mikono kwenye aproni yake. "Nilisema ningekaa mbele kabisa, nikuone vizuri. Najivunia wewe, Kamanda wangu. Nilijivunia tangu siku ile kanisani, nikakimbia. Sikimbii tena. Kasome umalize, nami nitafanya kazi yangu hapa. Mungu ametuita wote wawili, hakutuambia tuachane."

Kamanda alicheka na kulia kwa pamoja, akamshika mkono uliojaa povu, akaukumbatia kifuani kwa sweta lake jeupe.

Simu zilirudi kutwa mara tatu. Miaka ikaenda, na ilipofika wakati wa Kamanda kuwekwa wakfu, mama yake Wembe alikataa katakata joho lake kushonwa na mtu mwingine. Majoho ya wachungaji alikuwa ameshona maisha yake yote, na vielelezo vyake vyote, zile karatasi za kukatia kitambaa, vilikatwa kwa vipimo vya vifua vya wanaume. Alivikunja akavitia kabatini, akatandika karatasi mpya mezani.

"Simama wima, mwanangu," alimwambia, tepu shingoni. "Hili nalikata upya toka mwanzo. Nataka ukiinua mikono kubariki watu lisikuvute begani." Na alipokuwa akilishona, majirani wote walipitishwa kuliona, wapende wasipende.

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Wazee wa wodini waliletwa kwa viti vya magurudumu, kila mmoja kidevu kinang'aa. Askofu alipomwekea mikono kichwani, na Kamanda alipoinuka na joho lile jeupe lililomwangukia bila kukunja hata mahali pamoja, Wembe alikuwa benchi la kwanza, machozi yakimtoka waziwazi, na hakuyafuta.

Baada ya ibada mchungaji mpya alisimama mlangoni kuwapa watu mkono. Mstari ulikuwa mrefu. Wembe alijipanga kama wengine, nyuma ya mama yake. Zamu yake ilipofika alimwinamia kwa heshima.

"Bwana asifiwe, mchungaji."

"Amen, ndugu," Kamanda alijibu, akijikaza asicheke. "Una haja gani?"

"Nataka kuoa. Nimekuja kukuomba."

Waliokuwa nyuma wakanyoosha shingo. Mzee mchungaji, aliyekuwa karibu, akavua miwani yake mapema.

"Jambo jema," Kamanda alisema, na ile sauti iliyozoea kusimamisha watu ilikuwa imekwama kidogo. "Bibi harusi ni nani?"

"Anatoa dawa. Siku hizi hana dirisha, lakini bado anatoa. Anaamrisha sana, na nampenda kuliko ninavyoweza kusema. Ni wewe."

Kamanda aliutazama mkono wake ndani ya mkono wa kinyozi, akatikisa kichwa polepole.

"Ndugu, hiyo ndoa mimi siwezi kuifungisha."

Moyo wa Wembe ukasimama.

"Itabidi tumwombe mzee wetu huyu," Kamanda akaendelea, machozi na kicheko vikimtoka pamoja. "Siku hiyo mimi nitakuwa na shughuli. Nitakuwa naolewa."

Vigelegele vikapasuka kuanzia mlangoni mpaka madirishani. Mama yake Wembe alikaa chini kwenye ngazi akafunika uso kwa kanga. Kisha mwanamke mmoja kule nyuma, mtoto mgongoni, akaita, "Tumefurahi, lakini sogeeni jamani, na sisi tunataka kubarikiwa!"

Wembe akasogea. Hakwenda mbali. Alisimama kando ya mchungaji, bega kwa bega, na kila aliyemaliza kupewa mkono na Kamanda alimpa na yeye wake. "Karibu," alikuwa akiwaambia, mmoja mmoja, kidevu juu. "Karibu sana. Umemsikia anavyohubiri?"